Mbuzi Watatu na Usukani wa Kushoto

Kwa yule aliyefungiwa nyama kwa gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, mambo yamefika hapa.

Mimi ni Jeremiah Muli, fundi wa magari katika soko la Kola. Ufundi sikuusomea darasani. Nilijifunza kwa kufungua kitu na kukifunga tena, na kuandika kwenye daftari kila kilichobaki mkononi.

Nimeishi na mke wangu Winfred miaka ishirini na sita, na sijawahi kumpelekea baba yake mbuzi wa ntheo. Kwetu Ukambani ntheo ni mbuzi watatu, mmoja wao dume. Bila hao, mke si wako. Ni mgeni aliyekaa sana. Watoto nao huhesabiwa kuwa wa babu yao, baba ya mama.

Si kwamba sikuwa na mbuzi. Nimewahi kuwa na mbuzi watatu mara tatu. Wa kwanza waligeuka kabureta. Wa pili waligeuka rejeta. Wa tatu waligeuka kioo cha taa ya nyuma, upande wa kulia, kilichosafiri kutoka Marekani miezi minne, na kilipofika kilikuwa cha upande wa kushoto.

Yote hayo ni kwa ajili ya Chevrolet Caprice ya mwaka 1986, gari refu la silinda nane, rangi ya chai ya maziwa. Niliachiwa na mmisionari wa Kimarekani aliyekuwa akichimba visima, siku aliyorudi kwao. Kiwanda kiliacha kutengeneza Caprice za aina hiyo kitambo. Mimi nimeamini tangu siku hiyo kwamba zitakuja kutafutwa.

Sasa binti yetu Kamanthe anachumbiwa na kijana anayeitwa Kisilu. Wazazi wa Kisilu sijawahi kuwaona. Desturi ni mkutane siku yenyewe, na siku yenyewe ni Jumamosi. Baba mkwe wangu, Mzee Masila wa Kithimani, alituma neno kwamba wageni watapokelewa kwake, si kwangu. Ikiwa mbuzi wangu hawatafika kabla wageni hawajanywa chai, yeye atapokea mbuzi wa Kamanthe kama baba. Mimi nitapewa kiti upande wa wageni.

Winfred na Kamanthe walitangulia Kithimani kupanga vyombo. Mimi nikabaki Kola na gari.

Wiki jana tuliachia pale simu ilipolia. Mtu wa Syokimau, mkusanyaji wa magari ya zamani, alisema anataka kuja kuiona Caprice siku ya Alhamisi.

Alikuja.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, kofia kichwani, kwenye pikapu safi. Alijitambulisha kwa jina moja tu, Kyalo.

"Fundi, hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

Aliizunguka mara mbili bila kusema neno. Hilo lilinipendeza. Watu wengi wakiliona gari lile huanza kuongea kabla ya kufika nyuma, na kutoka mbele hadi nyuma ni mbali.

"Watu huniuliza kama hizi kubwa za Marekani zitakuja kuwa klasiki," akasema. "Mimi nawaambia bado."

"Bado ama hapana?"

"Bado. Wewe unaonaje?"

Swali hilo nilikuwa nimelingoja miaka mingi, na hakuna mtu wa Kola aliyewahi kuniuliza. Nilifungua daftari. Nilimweleza kwamba kiwanda kiliacha kuzitengeneza. Nikamweleza kwamba zilizokuwapo zilitumiwa na polisi na teksi huko kwao mpaka zikaisha. Kila mwaka zinapungua, haziongezeki. Kitu kinachopungua bila kuongezeka, lazima siku moja mtu akitafute.

"Hata fisi wanapungua," akasema Kyalo. "Sijaona mtu akitafuta fisi."

Niliandika jambo hilo kwenye daftari.

"Sikiza, fundi. Gari halipati thamani kwa sababu limebaki peke yake. Linapewa thamani na mtu aliyelitamani akiwa mdogo akalikosa, halafu akazeeka akiwa na uwezo. Zile za milango miwili, zile hazina paa, zilitamaniwa. Hizi za milango minne zilikuwa za kubeba wazee na wafungwa. Nani alizililia?"

"Mimi."

Alinitazama kuona kama natania. Sikuwa natania.

"Basi wewe ni mmoja. Tafuta wenzako elfu kumi, hapo itakuwa klasiki."

"Na wewe ulikuja kufanya nini?"

Aligusa bampa ya mbele kwa kidole kimoja.

"Nilikuwa darasa la tano. Nilikuwa nimesimama Machakos mjini na mama yangu, tumebeba maharagwe. Gari kama hii ikapita. Viti vya watu sita, na ndani kuna mzungu mmoja peke yake. Rangi ilikuwa hii hii. Mama akasema, angalia vile nafasi inapotea." Akapangusa bampa mahali alipokuwa amegusa. "Sijawahi kuisahau."

Sikumwambia kwamba siku hizo katika wilaya nzima ya Machakos gari kama hiyo ilikuwa moja tu. Nilidhani anajua.

Akaanza kuikagua kwa makini, nje kwanza, maana vioo nilikuwa nimeviziba kwa magazeti jua lisichome viti.

"Hujapaka rangi?"

"Sijapaka."

"Bampa?"

"Ni zake."

"Viti?"

"Vyake. Nimeshona tu pale panya walipita."

"Injini inawaka?"

"Kila Jumapili baada ya ibada."

"Fundi, wewe ni mtu wa maana sana," akasema. "Hujui watu wangapi huharibu hizi gari kwa kuzitengeneza. Mtu anapata kitu safi kama hiki, anaweka mkono wake, kwisha."

Nikasema ni kweli, watu hawana subira.

Kyalo akafungua mlango wa kushoto. Akaingia, akakaa, akafumba macho, akanyoosha mikono yote miwili mbele kushika usukani.

Mikono ikabaki hewani, kama ya mtu anayepokea mtoto ambaye hajapewa.

Akafumbua macho.

"Usukani uko wapi?"

"Uko kulia."

Wasomaji, nimeahidi tangu wiki ya kwanza kwamba hapa nitasema mambo yalivyokuwa. Niliuhamisha mimi. Mwaka wa 2011, kwa muda wa miezi saba, nilitoa usukani upande wa kushoto nikauweka kulia. Nilikata chuma, nikachomelea, nikahamisha pedali zote, nikatafuta boksi ya usukani kutoka kwa lori dogo. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Mafundi walikuja kutoka mji wa Wote kuitazama. Mmoja alivua kofia.

"Na hii dashibodi?"

"Ya Peugeot 504."

Kyalo alishuka polepole. Aliketi juu ya jiwe ambalo mimi huwekea jeki.

"Kwa nini, fundi?"

"Niliambiwa gari la usukani wa kushoto halitapita ukaguzi."

"Na likapita?"

"Sikulipeleka. Nilipomaliza, halikuwa na taa ya nyuma."

Jogoo wa jirani alipita katikati yetu, akalitazama gari, akaenda zake.

"Ingekuwa na kutu, ningeichukua," akasema Kyalo. "Ingekuwa haina injini, ningeichukua. Kuku wangekuwa wametagia ndani, ningewahamisha kuku. Lakini Caprice yenye uso wa Peugeot, fundi, hiyo nitamwonyesha nani?"

Mtu anayekuambia ukweli kwa upole si rahisi kumkasirikia.

"Vile ulitoa vya zamani ulitupa?"

"Sijawahi kutupa kitu."

Akainua kichwa.

"Dashibodi yake uko nayo? Na boksi yake ya usukani?"

"Niko na kila skrubu. Imeandikwa ilitoka wapi."

"Basi bado hatujafa." Akasimama. "Nionyeshe hivyo viwili na naichukua leo, kama ilivyo. Kurudisha nitarudisha mwenyewe. Sema unataka nini."

"Mbuzi watatu."

"Nini?"

"Mbuzi watatu. Mmoja awe dume."

Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alinitazama jinsi alivyokuwa amelitazama gari, kutoka mbele kwenda nyuma.

"Mbuzi wa nini, fundi?"

"Wa shughuli fulani ya nyumbani."

"Mh," akasema.

Tukaingia stoo. Niko na makopo thelathini na moja na kreti kumi na mbili, zote zina namba, na namba zote ziko kwenye daftari. Kreti namba kumi na moja ndiyo ya boksi ya usukani. Imefungwa kwa waya, na ni nzito. Niliisukuma kwa mguu, ikakataa kusogea, nikaridhika. Kwa dashibodi nilienda moja kwa moja kwenye msumari wake ukutani.

Msumari ulikuwapo. Alama ya vumbi ilikuwapo pia, imechora umbo lote la dashibodi, hadi mahali pa redio. Dashibodi yenyewe haikuwapo.

Nilimpigia Winfred simu.

"Mama Kamanthe, ile dashibodi ya kushoto uliiona?"

"Iko kwa Baba."

"Baba gani?"

"Baba yangu. Nilimpelekea huku Kithimani mwaka juzi wakati wa Pasaka."

"Kwa nini?"

"Aliniuliza mbuzi wake wako wapi. Nikaona si vizuri kumdanganya mzazi. Nikamwonyesha."

Simu ilikuwa na sauti kubwa. Kyalo alisikia yote, lakini alikuwa akisoma namba za makopo, au akijifanya anasoma.

"Kithimani kwa nani?" akaniuliza nilipomaliza.

"Kwa Mzee Masila. Ni baba mkwe wangu."

Alisimama na kopo namba tisa mkononi kwa muda mrefu kuliko kopo lile linavyostahili.

"Twende," akasema.

Nilichukua bisibisi tatu za ukubwa tofauti, kwa sababu sikujua mzee ametumia skrubu gani.

Njiani Kyalo hakuongea sana. Tulipita Machakos mjini, tukashuka upande wa Yatta, na joto likaanza kuingia kwa dirisha.

"Una watoto wangapi, fundi?"

"Mmoja. Msichana."

"Anakaa kwako?"

"Wiki hii yuko Kithimani."

"Mh," akasema tena.

Mzee Masila alikuwa sebuleni, anachambua pojo kwenye ungo. Ni mtu mwembamba, mwenye sauti ndogo, na hajawahi kunitukana hata siku moja. Ningependelea angenitukana.

Dashibodi ilikuwa ukutani, katikati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi ya mwanawe mkubwa. Alikuwa ameipangusa vizuri. Kijisanduku chake alikuwa anakitumia kuwekea miwani na bahasha za sadaka.

"Karibu, Jeremiah. Umekuja na mbuzi?"

"Nimekuja na bisibisi, Baba."

Aliendelea kuchambua pojo.

"Hiyo haiguswi," akasema. "Hiyo ni mbuzi."

"Baba, ni dashibodi."

"Kwa fundi ni dashibodi. Mimi si fundi. Wazee wenzangu wakikaa hapa wananiuliza, Masila, binti yako alienda na nini? Nawaonyesha hapo. Kwa ile saa ya mafuta, hapo ndipo mbuzi wa kwanza yuko. Pale kwa redio, wa pili. Huyu dume yuko ndani ya kisanduku, anachunga miwani yangu."

"Nimepata mtu wa kununua gari, Baba. Anahitaji dashibodi. Atalipa kwa mbuzi."

"Lete mbuzi, uchukue dashibodi."

"Mbuzi watatoka kwa gari, na gari haliuziki bila dashibodi."

"Naona," akasema Mzee Masila. Alitoa jiwe dogo kwenye pojo, akaliweka kando. "Umetengeneza kitu kigumu sana, Jeremiah. Hujawahi kushindwa kutengeneza."

Hapo Kyalo akaingilia kati.

"Mzee, samahani. Mbuzi naweza kuleta mimi leo leo. Soko si mbali. Nitawashusha hapa, tuchukue dashibodi, mambo yaishe."

"Na wewe ni nani?"

Kyalo akavua kofia.

"Mimi ni Kyalo, Mzee. Baba ya Kisilu."

Kamanthe alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Vikombe viligongana mara moja, kisha vikatulia. Nyuma yake Winfred alisimama na birika, hakusonga.

Nilimtazama Kyalo. Nilikumbuka kila "mh" aliyosema tangu asubuhi, nikazipanga kwa utaratibu, na zote zikakaa mahali pake.

"Sikukusudia kudanganya mtu," akasema, akinigeukia. "Gari nimeipenda kweli. Lakini tuliambiwa tulete mbuzi Kithimani, kwa babu. Mke wangu akaniuliza, kwani huyu msichana hana baba? Nikakosa jibu. Kisilu alikuwa ameniambia mzee wa Kola ako na Caprice. Nikaona hiyo ni njia ya kufika bila kusema nimekuja kupeleleza."

"Na umeona nini?" akauliza Mzee Masila.

"Nimeona mtu hatupi hata skrubu."

"Hilo ni kweli. Ni mbuzi tu ndio hupotea." Mzee akaweka ungo chini. "Ngoja nielewe, maana kichwa changu ni cha zamani. Wewe unampa Jeremiah mbuzi watatu."

"Ndiyo, Mzee. Malipo ya gari."

"Jeremiah ananipa mimi hao hao. Hapo anakuwa mume wa Winfred, na baba ya Kamanthe."

"Ndiyo."

"Jumamosi unarudi na mbuzi wengine watatu, unampa Jeremiah, kwa sababu sasa ndiye baba ya Kamanthe."

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa hivyo wewe umelipia binti yangu, na umelipia mjukuu wangu."

Kyalo aligeuza kofia mkononi.

"Sasa hapo," akasema Mzee Masila, "ni nani anaoa nani?"

Lilikuwa swali zuri. Nililitazama kutoka kila upande na sikupata mahali pa kulifungulia.

Winfred peke yake ndiye aliyetoa sauti, na alijifanya anakohoa.

"Mbuzi wa ntheo hutoka kwa boma la mwanamume," akaendelea mzee. "Anawatoa mwenyewe, ama ndugu zake, na wanaingia kwa mlango huu. Wakishuka kwa pikapu ya baba ya kijana, wazee wa hapa watacheka mpaka Krismasi. Na watakuwa wananicheka mimi, si wewe."

"Nimeelewa," akasema Kyalo.

"Na hiyo gari?"

"Hiyo sasa siwezi kuinunua, Mzee. Huyu ni mkwe. Nikimlipa kidogo ni aibu, nikimlipa sana ni aibu."

Kwa hivyo, wasomaji, saa tano asubuhi nilikuwa na mnunuzi wa kwanza na wa pekee katika miaka ishirini na saba. Saa nane mchana alikuwa amegeuka mkwe, na mkwe hanunui.

Kamanthe alikuja na chai. Alinipa kikombe changu mwisho, baada ya babu yake na baada ya Kyalo. Alikuwa sahihi. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mtu asiyejulikana yuko upande gani.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "Jumamosi nikisimamishwa hapa niambiwe nimwonyeshe baba yangu, niangalie viti gani?"

"Ngoja kidogo, mwanangu. Nitapanga."

"Nimengoja. Mimi na hiyo gari tumekua pamoja, na yenyewe ndiyo imeenda shule nzuri."

Hakusema kwa hasira. Amerithi sauti yangu. Akachukua sinia akaenda.

Mzee Masila alinihurumia, nadhani, kwa sababu alisema jambo ambalo hakulazimika kusema.

"Hiyo gari naikumbuka. Winfred aliposhikwa na uchungu wa mtoto huyu, ulitoka naye Kola usiku kwa hiyo, usukani bado ukiwa kushoto. Nilikuwa nimekuja kuwaona, nikakaa mbele kulia. Kila gari lililokuja mbele yetu lilinijia mimi. Nilisema sala zote ninazozijua." Akavaa miwani yake, akanitazama. "Sichukii gari, Jeremiah. Hiyo gari ilimleta mjukuu wangu hospitali. Ninataka tu kujua mjukuu wangu ni wa nani. Una siku mbili. Mbuzi kutoka boma lako."

Bomani kwangu kuna kuku sita na gari.

Winfred alinisindikiza hadi langoni. Kyalo alikuwa ametangulia kwenye pikapu, anajifanya anapangusa kioo.

Tulisimama karibu na ua wa michongoma. Winfred alikuwa amejifunga leso mpya. Niliiona, na nikakusudia kuisifu, lakini alianza yeye.

"Baba Kamanthe, kuna kitu sijakuambia."

"Kuhusu dashibodi?"

"Kuhusu kreti namba kumi na moja."

"Hiyo iko. Nimeisukuma leo asubuhi."

"Ulisukuma mawe."

Nilingoja. Nimejifunza kwamba mtu akianza kufungua kitu, ni vizuri usimshike mkono.

"Miaka mitatu iliyopita," akasema, "uliuza mbuzi wale wa mwisho ukanunua kioo cha taa. Siku kilipofika, ukakishika, ukaona ni cha upande mwingine. Hukusema kitu. Ulikiandika namba ukakiweka kwa kopo. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sufuria. Kesho yake kukapita mtu wa kununua vyuma vikuukuu. Nikafungua namba kumi na moja, nikamuuzia ile boksi ya usukani, nikaweka mawe ndani nikafunga na waya vile ulikuwa umefunga."

Nilimsikiliza.

"Nikanunua mbuzi mmoja, jike, mdogo. Sikumleta nyumbani kwa sababu nyumbani angegeuka redio. Nikampeleka kwa dada yangu Nthambi, kule Ndithini. Amezaa, na aliyezaliwa amezaa. Sasa wako wanne. Mmoja ni dume, ako na pembe kama za mzee wa kanisa."

Alikuwa ananitazama usoni, hapepesi macho.

Sasa ninafika kwenye kosa langu la wiki hii. Makosa mengine niliyoyasimulia nilikuwa na sababu zake, nzuri au mbaya. Hili sina sababu. Mke wangu alikuwa ameniambia kwamba mbuzi wapo. Alikuwa ameniambia kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akijilipia ntheo mwenyewe, kimya kimya, ili mimi niwe na kiti Jumamosi. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema, na yote ni mafupi. Asante ni moja.

Mimi nilisema, "Ulimuuzia nani?"

"Nini?"

"Huyo wa vyuma. Alikuwa wa Kola ama alitoka Machakos?"

Nilikuwa nafikiria kwamba vyuma vizito hukaa kabla ya kuyeyushwa. Nilikuwa nafikiria kwamba huenda boksi bado iko kwenye ua fulani, chini ya vitu vingine. Nilipouona uso wake nilinyamaza, lakini maneno yalikuwa yameshafika.

Winfred alikaza leso yake kiunoni.

"Miaka mitatu," akasema, "nimekuwa nikijiuliza, siku nikimwambia, atauliza nini kwanza. Mbuzi ama chuma. Nthambi alisema mbuzi. Tulibishana sana."

"Mama Kamanthe..."

"Mbuzi watafika Jumamosi asubuhi. Nthambi atawaleta. Wataingia kwa mlango ule, na Baba atasimama mbele ya wazee, na mbele ya huyu rafiki yako wa pikapu, aulize wanatoka boma la nani. Ni swali lazima liulizwe." Akashika lango. "Mimi ndiye nitajibu. Ni mimi najua."

"Na utasema ni wa boma la nani?"

Alifikiria. Alifikiria kweli, kama mtu anayechagua kati ya vitu viwili vilivyo mkononi.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa najua mpaka saa hii."

Akafunga lango. Yeye akabaki ndani, na mimi nikabaki nje na bisibisi zangu tatu, karibu na pikapu ya Kyalo, upande wa wageni.